Mawifi Wawili Juu ya Gego

"Wifi, una kilo ngapi?"

Hilo ndilo swali la kwanza aliloliuliza Daktari alipoingia sebuleni na kumkuta kaka yake amelala chali sakafuni, miguu juu ya kochi, uso umekunjamana kwa maumivu. Hakuuliza mgongo umeanza kuuma lini. Hakuuliza amemeza dawa gani. Alimruka kaka yake kama mtu anavyoruka ndoo ya maji, akasimama mbele ya mke wa kaka yake na kumpima kwa macho kuanzia kichwani hadi kwenye ndara.

"Kilo za nini?" aliuliza mwenye nyumba, mwiko mkononi.

"Zako."

"Zangu ni siri ya ndoa. Muulize kaka yako, ndiye anayezilisha."

Kaka mtu alicheka pale chini, kisha akajutia kucheka, akashika kiuno. Asubuhi hiyo alikuwa amejaribu kuhamisha mashine ya kufulia peke yake, baada ya mkewe kumwambia amsubiri jirani. Mashine haikusogea hata kidogo. Kilichosogea ni kitu fulani mgongoni mwake. Hospitali walimpa vidonge pamoja na amri ya kutobeba chochote kizito kuliko mto wa kulalia, mpaka watakapomwambia vingine.

"Mashindano ni Jumamosi ya wiki ijayo," Daktari alisema, bado anampima wifi yake.

Alikuwa daktari wa meno, mrefu na mwembamba, mwenye sauti ya upole aliyoizoea kuwaambia watu kwamba hawatasikia maumivu, na watu humwamini mpaka wanapoyasikia. Yeye na kaka yake walikuwa na katamarani, chombo cha mbio kilicho kama mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa kwa vyuma, katikati pamewambwa turubai la kukalia, na juu kuna mlingoti mrefu kupita paa la nyumba. Hakina injini, hakina kiti, wala hakina pa kujishikilia pa maana. Lakini upepo ukivuma sawasawa, hupita boti za injini kana kwamba zimetia nanga. Daktari alikipa jina la Gego kwa sababu, alisema, kina mizizi miwili, na kikianza kukusumbua huwezi kufikiria kitu kingine.

Mke wa kaka yake alikuwa na jina lake mwenyewe kwa chombo hicho. Alikiita mke mwenza. Tangu aolewe, kila Jumamosi mumewe alikuwa akitoka asubuhi na mapema kwenda ziwani, akirudi jioni mikono imechubuka, nywele zimesimama, akicheka peke yake mbele ya friji. Mke alishazoea. Alikuwa akimwambia, "Msalimie mwenzangu," na kumfungia mkate.

Mtaa mzima ulimwita mke huyo Mwalimu, kwa kuwa alifundisha udereva. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kwake, na ya kwake ndiyo iliyoisha mpira. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mabega mapana na utulivu wa mtu aliyekwisha kukaa kando ya waoga wengi. Hakuwahi kupigwa faini wala kulipita gari lolote kwenye kona, na mayai yake yalifika nyumbani mazima kila mara.

"Chombo kikishika upepo, upande mmoja unanyanyuka," Daktari alieleza, safari hii kwa sauti yake ya kliniki. "Mtu lazima atoke nje, aning'inie kwenye waya kwa mkanda wa kiunoni, aurudishe chini kwa uzito wake. Mimi nikitoka peke yangu ni sawa na kuanika shati."

"Kwa hiyo umekuja kutafuta gunia."

"Nimekuja kutafuta mtu wa familia."

"Mwenye umbo la gunia."

"Mimi sijasema hivyo. Umesema mwenyewe."

Mwalimu alikuwa tayari amefungua mdomo ili akatae, na akatae kwa maneno ambayo wifi yake angeyakumbuka. Ndipo sauti ikatoka sakafuni.

"Muache huyo," alisema mumewe. "Huyu anafunga mkanda hata gari likiwa limeegeshwa."

Alisema kwa mapenzi, na kwa kweli haikuwa uongo. Lakini alicheka mno baada ya kusema, akashindwa kujizuia ingawa mgongo ulikuwa unamkata. Mkewe alimtazama pale chini kwa muda.

"Huo mkanda wa kuning'inia," alimwuliza Daktari, "upo wa saizi yangu?"

Mkanda ulipatikana, japo ulibidi uongezewe kipande. Mazoezi ya kwanza yalifanyika kwenye gereji ya shule ya udereva. Daktari alifunga kamba kwenye boriti ya paa, Mwalimu akavaa mkanda wenye ndoano mbele ya tumbo, akajitundika kwenye kamba, akakanyaga ukuta kwa nyayo zote mbili na kujinyoosha nyuma mpaka akawa amelala hewani. Boriti ililia kidogo.

"Magoti yalegee," alisema Daktari. "Mgongo unyooke. Utazame mbele."

"Mbele kuna tangazo la matairi."

"Basi litazame."

Mwanafunzi mmoja, karani wa benki, aliyekuja kwa somo lake la kurudi nyuma, alisimama mlangoni akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Mwalimu, nirudi baadaye?"

"Kaa kwenye gari, rekebisha vioo," alijibu Mwalimu akiwa palepale hewani. "Nakuja."

Siku walipotoka ziwani mara ya kwanza upepo ulikuwa mwembamba. Gego lilikwenda taratibu kama mzee anayetafuta miwani. Daktari alishika usukani, Mwalimu akapewa kamba ya tanga, na akafundishwa jambo moja tu la kukumbuka.

"Ukivuta kamba, umekanyaga mafuta. Ukilegeza, umekanyaga breki. Hapana kingine."

"Na hii breki inashika?"

"Inategemea umelegeza mapema kiasi gani."

Walikwenda kinyume cha upepo, kidogo kulia, kidogo kushoto, wakigeuza kila mara, na Daktari akamwambia kwamba mwendo huo huitwa kubisha.

"Hiyo sina haja ya kufundishwa," alisema Mwalimu. "Mama yako tangu harusi anasema nabisha vizuri."

Alirudi nyumbani mkavu, bila hata mchubuko, akamwuliza mumewe kama kweli hicho ndicho kilichokuwa kikimtoa kitandani miaka yote hiyo. Mumewe alikuwa ameinuka mpaka kwenye kiti chenye mito. Alitabasamu tu, akasema, "Subiri upepo."

Upepo ulikuja asubuhi ya mashindano. Mwalimu aliusikia kabla ya kufungua macho, unapiga bati la jirani. Walipofika ziwani maji yalikuwa yamechafuka, yamejaa povu jeupe, na nyaya za milingoti ya vyombo vilivyopangwa ufukweni zilikuwa zikipiga mluzi zote kwa pamoja. Wenye katamarani watatu walikuwa wanafunga matanga yao na kuyarudisha mifukoni. Walifanya hivyo kimyakimya, bila kutazamana.

Mwalimu alimtazama Daktari, akingoja aseme kwamba leo haiwezekani. Daktari alikuwa anamtazama yeye, akingoja hilohilo.

"Unaonaje, wifi?" aliuliza Daktari.

"Mimi abiria tu. Unaonaje wewe?"

"Mimi sina neno. Kama wewe una neno, hakuna atakayekulaumu. Ni mara yako ya pili tu."

"Sina neno hata moja."

"Haya."

"Haya."

Hivyo ndivyo walivyojikuta wanasukuma Gego majini, kila mmoja akimlaani mwenzake moyoni kwa kutokuwa mwoga. Juu kidogo ya ufuko, kwenye viti vya plastiki, alikaa mume na mgongo wake uliofungwa bandeji pana, na kando yake mama yake mzazi, aliyekuja kumwuguza na ambaye hakuacha darubini tangu alipoipokea.

Walikwenda kwa kubisha hadi boya la kwanza. Mwalimu alitoka nje kwenye waya mapema, kwa sababu mtumbwi wa upande wa upepo ulikuwa umeshanyanyuka, na hapo akaelewa kwa nini wifi yake alimwuliza kilo. Alijinyoosha kama alivyojinyoosha kwenye gereji. Mtumbwi ukashuka, ukatulia. Chini ya mgongo wake maji yalikuwa yakipita kwa kasi, na manyunyu yalimchoma usoni kama sindano.

"Hapo," Daktari alipaza sauti. "Hapohapo. Usinenepe wala usikonde."

Kisha wakalizunguka boya, upepo ukawa ubavuni, na Gego likaondoka.

Hakuna neno jingine la kusema ila hilo. Muda mfupi kabla lilikuwa linapandapanda mawimbi, sasa lilikuwa limeondoka. Mguu wa kulia wa Mwalimu ulikanyaga ubavu wa mtumbwi kwa nguvu zote, ukitafuta breki. Ulikanyaga tena. Usukani ulianza kutoa sauti nyembamba, kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Daktari naye sasa alikuwa nje kwenye waya wake, nyuma ya Mwalimu, wote wawili wamening'inia juu ya maji, na chombo kizima kimesimama upande mmoja.

"Legeza," alisema Daktari.

Mwalimu akalegeza. Gego likashuka, likapunguza, mawimbi yakaligonga. Likakusanya nguvu tena.

"Legeza, wifi."

Akalegeza. Chombo kimoja kikawapita kwa upande wa mbali na upepo. Kikafuata kingine.

"Legeza."

"Upepo hata haujafika."

"Utafika. Legeza."

Hapo Mwalimu akageuza shingo. Alichokiona alikifahamu kuliko kitu kingine chochote duniani: vidole vilivyoganda kwenye usukani, mabega yaliyofika masikioni, macho yaliyokwama mbele ya chombo, karibu mno. Nyuso za namna hiyo zilikuwa zimempa riziki kwa miaka.

"Daktari," alisema. "Unaogopa."

"Siogopi."

"Umeshika huo mpini kama mwanafunzi wa siku ya kwanza anayeuona mzunguko wa barabara."

Maji yalimpiga Daktari usoni, akayatema.

"Huwa ni yeye," alisema hatimaye. "Kaka ndiye anayevuta. Mimi namwambia alegeze, yeye anavuta. Miaka yote hii nakwenda mbio kwa sababu yeye hasikii."

Mwalimu alitaka kucheka lakini hakuwa na nafasi ya kuchekea. Alimtazama wifi yake, mwanamke ambaye kwenye kila shughuli ya familia alikuwa akimtania kuhusu sahani ya pili na mwendo wake wa kobe barabarani, na kwa mara ya kwanza akamwona kama mtu anayehitaji kuongeleshwa taratibu.

"Tazama mbali," alimwambia, kwa sauti aliyoitumia kazini. "Sio mbele ya pua. Kule, kwenye boya. Vidole vilegee. Pumua. Mimi nipo kando yako, siendi popote."

Daktari alitazama mbali. Mabega yakashuka.

"Sasa," alisema Mwalimu, "naongeza mafuta kidogo."

Akavuta kamba.

Alivuta kidogo kwanza, kama alivyoahidi. Gego likanyanyuka na sauti ya usukani ikapanda juu. Kitu fulani kikafunguka kifuani mwa Mwalimu, kitu kilichokuwa kimekaa kimya muda mrefu kiasi kwamba hakujua kama kipo. Akavuta tena. Wakakipita chombo kimoja kati ya vile viwili, wakaziona nyuso za waliomo zikiwageukia. Maji hayakuwa maji tena, yalikuwa kitu kigumu kinachokimbia chini yao. Mguu wa kulia uliacha kutafuta breki. Akavuta tena.

"Wifi," alisema Daktari.

"Nimekusikia."

"Wifi, legeza."

"Bado."

Tone la damu ya kaka mtu halikuwemo mwilini mwake, lakini ukaidi alikuwa ameshaambukizwa wote. Upepo mkali zaidi ulifika kutoka nyuma ya bega. Mtumbwi wa chini uliingiza pua kwenye wimbi, ukazamisha kichwa, ukazamisha shingo, na Gego zima likasimama ghafla kama lililogonga ukuta. Mwalimu hakusimama. Aliruka kwa waya wake kuelekea mbele, akauzunguka mlingoti kwa nje kama kitambaa kinachopeperuka, akamwona Daktari akimpita juu kwa juu, miguu hewani. Kisha maji yakawafunika wote wawili.

Alipoibuka, jaketi la kuokolea limembana kidevu, Gego lilikuwa limelala ubavu, tanga limelala majini. Alipiga maji mpaka akashika mtumbwi. Kichwa cha Daktari kilijitokeza upande wa pili.

"Umeumia?" aliuliza Mwalimu.

"Hapana. Wewe?"

"Nimemeza ziwa."

Walitazamana. Nywele za Daktari zilikuwa zimemlalia usoni kama mwani, naye akazisukuma pembeni taratibu, kwa heshima zake zote za kliniki.

"Nilikwambia legeza," alisema.

"Ulisema."

"Ukasema bado."

"Nilisema."

Ndipo Daktari akaanza kucheka, na Mwalimu akafuata, wakacheka wameshikilia mtumbwi mpaka kila mmoja akawa anamwomba mwenzake anyamaze kwa sababu nguvu za mikono zinaisha. Boti ya uokoaji ilikuja karibu, mtu wake akauliza kama wanataka kuvutwa hadi nchi kavu. Wote wawili wakajibu hapana kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika familia ile.

Kuliinua Gego kulitaka mtu apande juu ya mtumbwi wa chini, ashike kamba iliyopitishwa juu, na kujirudisha nyuma mpaka mlingoti utoke majini. Daktari alijaribu peke yake kwanza. Alining'inia pale kama alivyosema mwenyewe, shati lililoanikwa. Mlingoti haukujali.

"Sogea," alisema Mwalimu.

Alipanda, akakamata kamba, akalala nyuma. Mlingoti ukatoka majini taratibu, ukimwaga maji, ukapanda, kisha chombo chote kikaanguka sawasawa kwa kishindo, wao chini yake, wakakwea haraka kabla hakijaondoka bila wao.

"Sitakutania tena kuhusu sahani ya pili," alisema Daktari alipopata pumzi.

"Utanitania. Jumapili hii hii."

"Ndiyo, lakini nitakupakulia mwenyewe."

Waliumaliza mzunguko uliobaki. Hawakwenda polepole, maana Daktari sasa alitazama mbali na Mwalimu sasa alilegeza anapoambiwa, au karibu na anapoambiwa. Kwenye mkondo wa mwisho Gego liliruka tena, usukani ukaimba. Walikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Daktari alipenda kusema baadaye kwamba walikuwa wa kwanza miongoni mwa waliopinduka, na hilo nalo lilikuwa kweli, kwa kuwa wengine waliopinduka walikubali kuvutwa.

Ufukweni, mama mkwe alikuwa bado ameshika darubini.

"Niliona miguu minne hewani," aliwaambia, "nikajua hao ni wangu."

Mume alimtazama mkewe anayetetemeka, suti ya mpira imejaa mchanga, michubuko miwili mikononi, nywele zimesimama, na uso wenye ile furaha ya kijinga aliyokuwa akiirudisha nyumbani yeye mwenyewe kila Jumamosi. Alielewa papo hapo kwamba ana shida.

Shida ilijitokeza mgongo ulipopona. Alitembea sawasawa mpaka dukani na kurudi, akainama, akainuka, akatangaza mbele ya mkewe kwamba Jumamosi anarudi kazini kwake, kwenye waya.

"Daktari amesema bado upumzike," alisema mkewe, akijipaka mafuta mikononi.

"Daktari gani? Wa hospitali ameniruhusu jana."

"Wa meno."

Mume alipiga simu kwa dada yake papo hapo, akiwa na uhakika kwamba damu ni damu. Dada alimsikiliza kwa upole, akamwambia kwamba mgongo si kitu cha kuchezea, kwamba kupona haraka ni dalili mbaya, na kwamba hatasikia maumivu yoyote akikaa ufukweni. Mwisho wakakubaliana, baada ya mabishano yaliyomwingiza mpaka mama mkwe, kwamba watapokezana: Jumamosi moja yeye, Jumamosi moja mkewe. Mama mkwe ndiye aliyeamua nani aanze, na hakumchagua mwanawe.

Jumamosi hiyo upepo ulivuma kutoka ng'ambo, safi, bila mzaha. Mume aliwasaidia kusukuma Gego mpaka maji yakamfika kiunoni, akamkumbusha mkewe mambo ambayo mkewe alikuwa ameshayajua, akamwambia dada yake amtunze. Kisha waliondoka, wote wawili wakitoka nje kwenye nyaya zao karibu kwa pamoja, na sauti zao zikamfikia kidogo, zikibishana juu ya kamba. Akarudi kukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mama yake, suruali imelowa, akanyoosha mkono kuomba darubini.

"Subiri," alisema mama yake, bila kuitoa machoni. "Wameanza kukimbia sasa hivi."